Bushi za sahani za paundi 45 zinalegea kila msimu: tubadilishe zote au zilizochakaa tu?

#1 Raki Ishirini (mtoa mada)

Wakuu, habari. Naomba wanaojua vyumba vya vyuma vya timu za futiboli za vyuo huku Marekani wapite hapa.

Chumba kina raki 20 (fremu za kuwekea nondo na sahani zake za uzito), kila moja na jukwaa lake. Kila raki ina sahani za raba za paundi 45 nane, 35 mbili, 25 nne na 10 nne, halafu za chuma za 5 nne na za 2.5 nne. Ukijumlisha ni paundi 600 kwa raki, paundi 12,000 chumba kizima. Wachezaji ni zaidi ya 100, wanaingia kwa makundi. Klini (kuivuta nondo kutoka sakafuni hadi mabegani kwa mkupuo) na skwati ndiyo mazoezi makuu, na klini zote nondo inaachiwa kutoka juu.

Tatizo ni za 45. Bushi ya chuma pale katikati inaanza kucheza, baadaye inachomoza upande mmoja, mwisho inatoka na sahani inabaki na tundu la raba tupu. Za 25 na za 10 karibu zote ni nzima. Kila majira ya joto zilizokufa zinatolewa na mpya chache zinaingizwa, na mwaka unaofuata zinakufa hizo hizo mpya kabla ya za zamani.

Nini kinaziua? Na je, zibadilishwe zote 160 kwa mkupuo, au tuendelee kuziba mapengo?

#2 Fundi Bushi

Jibu umeliandika mwenyewe hapo: mpya zinatangulia kufa.

Sahani ya raba inatoka kiwandani na kipenyo cha milimita 450. Ikipigwa misimu kadhaa haibaki hivyo, inalika kingoni na kubonyea. Ukipanga mpya na ya zamani kwenye mkono mmoja wa nondo (ncha inayovalishwa sahani), mpya ndiyo inagusa jukwaa kwanza. Tofauti ya kipenyo ikiwa milimita 4, kwa chini ni milimita 2 tu, lakini zinatosha. Mpaka raba ya mpya ibonyee milimita hizo 2, wenzake wananing'inia, na kishindo chote cha upande ule kinapita kwenye bushi yake peke yake.

Kupima ni rahisi. Simamisha nondo yenye sahani nne kila upande juu ya sakafu iliyonyooka, chukua fila ya fundi magari (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), ipitishe chini ya kila sahani. Ile ambayo fila haipiti ndiyo inayobeba wenzake. Kuziba mapengo ndiko kunakoziua.

#3 Nondo Mbili

Mkuu Fundi, hesabu nzuri, ila kuna maelezo mepesi zaidi ya hayo.

Angalia nondo inavyopakiwa. Seti ya kwanza ni 135, yaani 45 moja kila upande na nondo yenyewe ya 45. Hiyo haitoki mpaka mazoezi yaishe, uzito upande hadi 225, upande hadi 315. Kwa hiyo 45 ya ndani inaanguka kila mara nondo inapoanguka, na ya tatu inaanguka mara chache tu. Sasa mchezaji akikuta kwenye mti wa raki kuna sahani yenye nembo inayong'aa na nyingine iliyopauka, mkono unakwenda wapi? Mpya inakuwa ya ndani siku zote. Hata vipenyo vingekuwa sawa kabisa, ingekufa kwanza.

Na hili linaeleza kwa nini 25 na 10 ziko salama. Zinakaa nje, na seti nyingi hazizihitaji.

#4 DadaKlini

Mmesahau klipu, vile vibanio vya kuzuia sahani zisisogee kwenye nondo. Nondo ikiachiwa bila klipu, sahani zinasogea nje kidogo kila inapodunda. Zikishaachana, kila moja inapata nafasi ya kulala upande, inatua kwa ukingo mmoja, na bushi inavutwa pembeni badala ya kusukumwa juu. Bushi ya kubana tu, isiyo na kulabu ndani ya raba, haikuumbwa kuvumilia hilo. Mtoa mada, klipu zinafungwa kwenye klini?

#5 Raki Ishirini

Asanteni. Kwenye skwati zinafungwa. Kwenye klini wengi hawafungi, na sahani za mwisho huwa zimeshasogea kabla seti haijaisha.

Niongeze haya: sahani ni za raba ngumu, siyo zile za matairi chakavu yaliyosagwa. Majukwaa ni mbao katikati na raba pembeni, yana umri sawa na sahani za zamani.

#6 Mzee wa Jukwaa

Sasa umefika kwangu. Acheni sahani kwanza, tazameni zinapotua.

Jukwaa la futi 8 kwa 8 kwa kawaida lina mbao ya upana wa futi 4 katikati, yaani inchi 24 kutoka katikati hadi ukingo wa mbao. Nondo ya kawaida ya milimita 2,200 ina milimita 1,310 kati ya kola na kola (pete ambazo sahani ya kwanza inaegemea), karibu inchi 51.6. Gawa mara mbili: uso wa ndani wa sahani ya kwanza uko inchi 25.8 kutoka katikati. Kutoka hapo hadi kwenye mbao ni kama inchi 1.8 tu.

Mchezaji akiruka pembeni inchi 2, jambo la kawaida kwenye klini nzito, sahani ya ndani ya upande mmoja inatua kwenye maungio ya mbao na raba. Raba ya jukwaa ikiwa mpya, usawa ni mmoja na hakuna kinachotokea. Ikishachimbika, mbao inabaki juu kama ngazi ndogo, na sahani ya ndani inapiga ngazi hiyo kwa ukingo wa ndani peke yake. Sahani ya ndani ni ipi? Ni 45, kila siku.

Weka rula ndefu ya chuma juu ya mbao ivuke hadi kwenye raba, pima mwanya ulio chini yake. Ukikuta milimita 3 au zaidi, badilisha raba za jukwaa kabla ya kununua hata sahani moja.

#7 Fundi Bushi

Mzee, hiyo hesabu ya maungio naikubali. Lakini tusibishane hewani, kuna kipimo kinachotenganisha haya yote.

Chukua kalamu ya rangi nyeupe, ile ya kuandikia matairi. Safisha sahani, ikauke, kisha chora mstari mmoja mnyoofu unaoanzia kwenye bushi na kuishia kwenye raba, pande zote mbili. Namba ubavuni. Rudi baada ya wiki mbili:

Mstari umekatika, nusu iliyo kwenye bushi imezunguka: gundi ya bushi na raba imeachia.
Mstari umenyooka ila bushi imechomoza upande mmoja: sahani inatua imelala. Hapo ni klipu au ngazi ya Mzee.
Mstari uko sawa, bushi haijachomoza, ila kuna mwanya kati ya bushi na raba ambao ni mpana sehemu moja: kishindo cha wima kimezidi. Hapo ni vipenyo.

Kisha tia venia kalipa (kipimo cha kipenyo) ndani ya bushi, pima pande tatu. Mkono wa nondo ni milimita 50, bushi nzuri inazidi hapo kwa chini ya milimita moja. Ikisoma tofauti kwa kila upande, chuma chenyewe kimepinda na hiyo sahani haina tiba.

#8 Baharia 254

Wadau, hakuna aliyegusa usafi. Vyumba hivi vinapuliziwa dawa kila kundi likitoka. Dawa yenye klorini inakula chuma cha bushi kikawa na kutu, na kutu ikiingia kati ya chuma na raba inasukuma gundi. Spiriti ikitumiwa kila siku inakausha raba mpaka inapasuka nyufa ndogo kuzunguka bushi. Thina na petroli ndizo mbaya kuliko zote, zinavimbisha raba. Sahani ya raba inataka maji, sabuni kidogo na kitambaa. Dawa kali pulizia kwenye kitambaa upanguse mishikio ya nondo, usipulizie mti mzima wa sahani.

#9 Nondo Mbili

Baharia, ushauri wa usafi ni sahihi, lakini kama dawa ndiyo muuaji, za 25 na 10 zinazoning'inia kwenye mti uleule zingekufa pia. Na za zamani zingetangulia, kwa kuwa zimekula dawa miaka mingi zaidi.

#10 Baharia 254

Siyo lazima boss. Za zamani ni toleo jingine la kiwanda. Bushi yenye kulabu inavumilia hata gundi ikiachia, ya kubana haivumilii. Mtoa mada aangalie kama mpya na za zamani zina bushi ya aina moja.

#11 Kilo Kamili

Kabla ya kubadilisha chochote, pimeni uzito. Sahani ya bei nafuu inaweza kupishana asilimia 3 na ilichoandikwa, yaani paundi 1.35 kwa sahani ya 45. Nondo yenye sahani nane, zikiwa zote zimepishana upande mmoja, ni paundi 10.8. Kocha wa viungo anayepanga mazoezi kwa asilimia na anayepima mwendo wa nondo kwa kifaa anapata takwimu za uongo.

Mizani ya mezani inayosoma hadi paundi 0.1 inatosha. Andika uzito halisi nyuma ya kila sahani, kisha oanisha: 44.6 na 44.6, 45.3 na 45.2. Ukishaoanisha, hata sahani zisizo kamili zinakaa sawa kushoto na kulia, na mgongo wa mchezaji unanusurika. Sahani za raba zinazomeguka kingoni zinapungua kila mwaka, kwa hiyo mizani irudiwe kila majira ya joto.

Nyongeza moja: kuna wanaosema 45 na kilo 20 ni kitu kimoja. Hapana. Paundi 45 ni kilo 20.41, na kilo 20 ni paundi 44.09. Usichanganye kwenye nondo moja.

#12 Mnunuzi wa Umma

Swali la pili la mtoa mada halijajibiwa, ngoja nilichukue.

Chukua mfano wa dola 2 kwa paundi. Sahani 160 za 45 ni paundi 7,200, dola 14,400 kabla ya usafiri. Kila chuo cha umma kina kiwango chake cha manunuzi. Ukikivuka unatakiwa kuleta nukuu za bei au kutangaza zabuni. Usikate oda vipande vipande ili kukwepa kiwango, wakaguzi hulitafuta hilo mahsusi.

Kalenda: majimbo mengi mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Mechi ya majira ya kuchipua ni Aprili, mitihani Mei, na kambi inaanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Ukitaka mzigo upokelewe na ankara iingie bajeti ya mwaka huu, oda itoke mapema sana, hasa kama sahani zinabeba nembo ya chuo. Nembo inapita kwanza kwenye ofisi ya haki za alama za chuo, kisha kiwanda kinaanza kutengeneza. Sahani nyeusi tupu zinafika haraka zaidi.

Waranti someni kwa makini. Baadhi zinazitenga za 10 na 15 au kuzipa muda mfupi, na nyingi zinataka picha ya sahani pamoja na namba ya oda.

Maoni yangu: msibadilishe zote, na msizibe mapengo. Nunueni 80, jazeni raki 10 kamili. Zile nzuri za zamani zikusanyeni kwenye raki 10 nyingine. Mpya na za zamani zisikutane kwenye nondo moja.

#13 Gym ya Mtaa

Niko Dar. Wakuu, hizo zinazotolewa zinaenda wapi? Hatuwezi kuzipata huku?

#14 Mnunuzi wa Umma

Vyuo vingi vya umma haviruhusiwi kuzigawa tu. Zinaandikwa, zinapelekwa ofisi ya mali chakavu ya chuo, na huko zinauzwa kwa mnada. Mtu wenu aliyeko huku anaweza kushindana kama mtu mwingine yeyote.

#15 Kilo Kamili

Gym ya Mtaa, ukipata nafasi chukua za chuma, achana na za raba zenye bushi iliyolegea. Sahani ya chuma ina tundu linalopanuka na kingo zinazomeguka, basi, utaitumia miaka mingi. Ila panga gym nzima iwe ya paundi au nzima iwe ya kilo. Ukiweka 45 tatu kila upande ukadhani ni kilo 20, umeongeza karibu kilo 2.5 bila kujua.

#16 Msukuma Sledi

Hata chuoni kwenyewe zilizolegea zina kazi. Sledi, ile fremu ya kupakia sahani na kusukuma uwanjani, haidundi, kwa hiyo bushi iliyolegea haina madhara pale. Gundi ya epoksi kwenye bushi inakaa mpaka nondo ianguke, kwa sababu epoksi ikikauka ni ngumu na raba inanyumbuka, zinaachana. Gundi inayonyumbuka ya poliyurethani inakaa kidogo zaidi. Lakini sahani iliyogundishwa isirudi kwenye jukwaa la klini. Ipige rangi nyekundu ubavuni, ibaki kwenye sledi.

Vyumba hivi vina historia ndefu wakuu. Nebraska walimwajiri Boyd Epley mwaka 1978 kuwa kocha wa nguvu wa kudumu, na vyuo vingine vikafuata.

#17 Kilo Kamili

Mkuu Sledi, rekebisha mwaka. Epley aliajiriwa Nebraska 1969. Mwaka 1978 ndipo chama cha makocha wa nguvu, NSCA, kilipoanzishwa kule Lincoln, naye ndiye mwanzilishi.

#18 Msukuma Sledi

Shukrani, 1969.

#19 DadaKlini

Tukirudi kwenye aina ya kununua. Raba ya matairi yaliyosagwa ni laini, inameza kishindo, bushi inapumzika. Na ikilika kidogo haidhuru, kwa kuwa inabonyea vya kutosha wenzake waguse chini. Ubaya wake ni unene na kudunda. Ya 45 inaweza kuzidi inchi 3 na nusu. Mkono wa nondo una nafasi ya milimita 415, kama inchi 16, kwa hiyo zinaingia nne na klipu. Nne ni paundi 405. Wale vijana wa mstari wa mbele wanaoskwati zaidi ya 500 wameshakwama.

Raba ngumu ya inchi 2 na nusu zinaingia sita, paundi 585. Ila ngumu haisamehe tofauti ya vipenyo, na hapo namuunga mkono Fundi.

Njia ya tatu ambayo vyumba vingi hawaifuati: raba laini kwa klini, chuma chembamba kwa skwati, miti miwili tofauti kwenye raki. Skwati hairushwi, haina haja ya raba.

Na jamani, za 10 zisiachwe zianguke peke yake kwenye nondo. Ni nyembamba, zinapinda.

#20 Nondo Mbili

Dada, miti miwili ni nzuri kwenye karatasi. Kundi likiwa na dakika chache kutoka klini kwenda skwati, chuma kinaishia kwenye nondo ya klini na kuangushwa. Hapo umevunja chuma, jukwaa na mkono wa nondo kwa pamoja.

#21 Raki Ishirini (mrejesho)

Wakuu, mrejesho. Mistari ilichorwa kwenye sahani za raki 8, wiki mbili zimepita.

Raki nne zilifungwa klipu kwenye kila seti: hakuna bushi iliyochomoza, lakini kadhaa za ndani zimezunguka. Raki nne bila klipu: zimechomoza na kuzunguka. Rula ya Mzee imeonyesha ngazi ya milimita 4 hadi 6 kwenye majukwaa yote. Fila ya Fundi imeonyesha mpya zinagusa chini na za zamani hazigusi. Bushi za mpya hazina kulabu, za zamani zinazo.

#22 Baharia 254

Si nilisema! Kulabu.

#23 Fundi Bushi

Kulabu inaeleza kwa nini zinatoka, haielezi kwa nini zimeanza kulegea. Vipenyo bado viko mezani. Chukua raki moja, weka mpya tupu nane, chora mistari upya.

#24 Mzee wa Jukwaa

Na raki nyingine iwekewe raba mpya za jukwaa, sahani zilezile zilizochanganyika. Zote mbili zifungwe klipu. Zikizunguka kwa Fundi na zisizunguke kwangu, tutajua. Kama bajeti haitoshi kwa raba mpya, zigeuzeni: vipande vingi vinaweza kuzungushwa nusu duara, ukingo wa nje ukaja kwenye mbao. Ondoa skrubu za fremu, inua kipande, fagia mchanga uliokusanyika chini kwa sababu nao unainua kona, rudisha, pima tena kwa rula.

#25 Nondo Mbili

Na raki ya tatu isibadilishwe kitu, ila 45 za ndani zibadilishane nafasi na za nje kila Jumatatu. Mkiiacha hiyo nje ya jaribio, hoja yangu haitakuwa imepimwa.

#26 Mnunuzi wa Umma

Jaribuni, ila oda ya 80 isisubiri. Mtoa mada, jiandae kupokea: sahani 40 za 45 ni paundi 1,800, paleti moja, kwa hiyo zinakuja paleti mbili. Mwambie msafirishaji mapema kama jengo halina gati la kupakulia, aje na lori lenye lifti ya nyuma. Pima mlango, paleti ya kawaida ni inchi 40 kwa 48. Kabla ya kusaini, kata plastiki, hesabu, angalia sahani za chini kabisa maana ndizo zinazofika zimepinda. Ukikuta kasoro iandike kwenye hati ya mzigo palepale dereva akiwepo. Kisha pima uzito na vipenyo vya zote 80 kabla hazijapanda kwenye raki, namba ubavuni, mstari mweupe tangu siku ya kwanza.

#27 Raki Ishirini

Sawa wakuu. Raki ya 3 mpya tupu, raki ya 7 raba za jukwaa zimegeuzwa, raki ya 12 kubadilishana nafasi, raki ya 15 haiguswi. Klipu zote nne. @Kilo Kamili, mizani ya paundi 0.1 uliyosema, inabidi iwe na uwezo wa paundi ngapi?

#28 Kilo Kamili

100 inatosha. Weka sahani ilale katikati ya mizani, isiguse ukuta, na uanze kwa kupima kitu unachojua uzito wake.